Majembe Manne, Watu Wanane

Walisema ndani ya miezi mitatu nitakuwa nimerudi kwenye jembe. Walisema kompyuta za ofisi ni za kuandikia barua, haziwezi kuchezesha mpira. Walisema vijana wa Mbinga wana akili zao, hawatatoa hela kutazama wachezaji wanaotembea kama konokono. Kaka yangu wa tumbo moja, akiwa na tonge la ugali mkononi, alisema diploma yangu ingefaa zaidi kufungia vitumbua. Watu wazima saba walicheka mpaka maharage yakapoa.

Haya yalisemwa kwenye sengu. Kwetu Matiri sengu bado ipo. Kila Jumapili baada ya misa wanaume wa ukoo hukutana kwa baba mkubwa, wanakula chungu kimoja na kusemana. Ukiwa na jambo unalipeleka pale, ukiwa na kosa linakufuata palepale. Mimi nilipeleka jambo. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam baada ya miaka tisa. Miwili nilisomea diploma ya kompyuta, na saba nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja kubwa. Ofisi ile ilikuwa inaondoa mashine zake za zamani, na mimi niliyezitengeneza miaka yote nilijua zipi nzima na zipi zimechoka. Nilitaka sita. Nilitaka kufungua banda la gemu mjini Mbinga, gemu za kompyuta. Zile za kuchomeka kwenye televisheni kila mtu alikuwa nazo.

Baba mkubwa, kaka mkubwa wa marehemu baba yangu, alisubiri kicheko kiishe.

"Unataka nini kwetu?" akauliza.

"Kahawa, baba mkubwa. Nikopesheni kahawa. Msimu ujao nawarudishia kahawa, gunia kwa gunia."

"Na msimu ujao ukija mikono mitupu?"

"Sitakuja mikono mitupu."

"Sikukuuliza kama utakuja. Nimekuuliza ukija."

Jibu akalitoa mwenyewe. Nikishindwa, mibuni aliyoacha marehemu baba ataichuma yeye mpaka atosheke. Mibuni hiyo ndiyo inayomlisha mama yangu. Ndiyo iliyonilipia ada. Mama hakuwepo pale, wanawake hawakai sengu, lakini aliposikia jioni hakusema neno baya. Alisema tu, "Basi usishindwe," akaendelea kuchambua maharage.

Baba mkubwa alitoa magunia matatu. Kaka, huyohuyo wa vitumbua, alitoa moja. Mjomba wangu wa Mpepai, kaka wa mama, aliyekuwa mgeni pale, alitoa mawili, maana mjomba hawezi kukataa mbele ya wakwe. Nikashuka ziwani, Lundo, kwa shangazi yangu aliyeolewa huko kwa Wanyasa. Shangazi hana kahawa. Alinipa magunia mawili ya usipa mkavu, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, akasema, "Mimi nadai usipa. Usiniletee kahawa, sijui kuipika."

Niliuza vyote, nikaenda Dar es Salaam, nikarudi na mashine sita kwenye buti la basi, nimezifunga kwenye mablanketi kama watoto wachanga. Kila moja niliitia kadi ndogo ya picha, ya mtumba pia. Nikapanga chumba karibu na stendi, nikapaka rangi mwenyewe, nikavuta nyaya mwenyewe. Ninaandika haya ili ijulikane kwamba hakuna fundi mwingine aliyegusa hata skrubu.

Mwezi wa kwanza watu walijaa kwa sababu ya ugeni. Mwezi wa pili wakaanza kuchukia.

Tatizo lilikuwa hili. Gemu la mpira lilianza vizuri. Wachezaji walikimbia, nyavu zilitikisika. Ila kila mpira ulipofika ndani ya boksi, pale wachezaji wengi wanapokusanyika na mashabiki kusimama, picha ilikwama. Sekunde nusu tu, kisha inaruka mbele, na mpira tayari umeshapita. Mtu alikuwa anapiga shuti, akifumbua macho anakuta kipa ameshaudaka. Hakuna kitu kinachomkasirisha mtu aliyelipa kama hicho.

Mteja wangu wa kwanza kabisa alikuwa dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye watoto wawili na mdomo mrefu kuliko barabara ya Songea. Siku moja alikwama mara tatu katika mechi moja. Akaweka padi, kile kidude cha kuchezea, mezani polepole, akageukia wenzake.

"Jamani, gemu la huyu braza lina kwikwi."

"Lipe maji," mmoja akasema.

"Maji gani? Hili limekula ugali wa jana bila mboga."

Kuanzia siku hiyo banda langu likaitwa Kwa Kwikwi. Jirani yangu wa upande wa pili wa stendi, mwenye televisheni nne na mashine za kuchomeka, alifurahi sana. Alikuwa akinipungia mkono asubuhi na kuuliza, "Fundi, mgonjwa ameamkaje?" Na mimi nilijibu, "Ameamka vizuri, anakutafuta." Lakini ndani nilikuwa nimeumia.

Nilijua tatizo si kadi ya picha. Nilikuwa nimeshusha ubora wa picha mpaka nyasi za uwanja zikawa kama zulia la kanisa, na kwikwi ilikuwa palepale. Nikafungua lile dirisha linaloonyesha kazi za mashine. Prosesa ya kompyuta, yaani ile akili inayopiga hesabu, si moja. Zangu zilikuwa na viini vinne, na kila kiini kinabeba nyuzi mbili za kazi, kwa hiyo kwenye kioo unaona vichoro vinane vinavyopanda na kushuka. Nilicheza, nikatazama. Kichoro cha kwanza kilikuwa kimejaa mpaka juu. Cha pili kilikuwa kinahangaika. Vingine sita vilikuwa vimelala sakafuni.

Nilifurahi kama mtu aliyeona mwizi. Nikasema: kumbe wako wanane, na wanaofanya kazi ni wawili! Nikafanya kile ambacho Mmatengo yeyote angefanya akiona shamba kubwa na watu wamekaa. Nikawaita wote. Nikaliamuru gemu litumie viini vyote na nyuzi zote, kisha nikalipa kipaumbele cha juu kabisa, kwamba kazi nyingine yoyote ya mashine isubiri mpaka gemu limalize.

Nilifanya hivyo kwenye mashine zote sita, asubuhi moja ya Jumamosi, kisha nikasimama mlangoni nikitangaza kwamba kwikwi imepona.

Bodaboda alikuja na wenzake watano. Wakakaa. Mashine zikaanza. Dakika ya kwanza, sauti ikakatikakatika kama redio mlimani. Dakika ya pili, padi zikaacha kusikia. Ukibonyeza, mchezaji anatii baada ya muda, kama mtoto aliyetumwa dukani hataki. Dakika ya tatu mashine nne ziliganda kabisa, hata mshale wa kipanya haukusogea, kwa sababu nilikuwa nimeiambia mashine isisikilize kitu kingine chochote isipokuwa gemu, nayo ilinitii. Ilinitii mpaka ikasahau kupumua.

"Braza," bodaboda alisema akiinuka, "jana ilikuwa kwikwi. Leo umeileta maiti."

Walivuka barabara wote sita. Jirani aliwafungulia mlango kwa mikono miwili.

Wiki hiyohiyo, mvua ikiwa bado inanyesha, nilipanda Matiri kumwona mama, nikamkuta baba mkubwa ndani ya mibuni ya marehemu baba. Alikuwa na msumeno na kisu. Alikuwa anapunguza machipukizi, mti kwa mti, taratibu, kama mtu anayehudumia shamba lake.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Banda linaendeleaje?"

"Linaendelea."

"Nasikia linalala." Akakata chipukizi jingine. "Usijali. Nami sitaki mibuni initese nitakapoanza kuchuma. Ilikuwa imeachwa mno."

Msimu ulikuwa bado miezi mitano. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko lake akitazama, na hakuweza kumwambia shemeji yake atoke, kwa sababu mimi ndiye niliyempa ruhusa ya kuingia. Nilirudi mjini siku ile bila kula. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilifikiri kuziuza zile mashine. Nilifikiri. Nikaona sura ya kaka na vitumbua vyake, nikaacha kufikiri.

Mwezi wa tatu mama alinitumia ujumbe: kuna kazi ya ngoro Jumatano, aje mwenye mikono. Ngoro ni mashimo yetu ya kulimia milimani, yale yanayozuia mvua isibebe udongo. Mteremko mzima unakuwa kama sega la nyuki. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mwenye shamba anaita majirani, anapika, anatengeneza togwa na pombe, watu wanalima wakiimba mpaka mchana. Sisi tunaita ngokela. Sikuwa na mteja hata mmoja, kwa hiyo nikafunga banda nikapanda.

Nilifika nimechelewa, nina hasira, na nilitaka watu waone kwamba mjini hakukunilainisha. Wanawake walikuwa wanasubiri kwa juu na majembe. Wanaume walikuwa wanaendelea kupanga majani makavu katika mistari, mistari ya kushuka na ya kukatiza, iwe miraba. Nilichukua jembe la kwanza nililoliona nikashuka kwenye mteremko nikaanza kuchimba kwa nguvu. Nilichimba shimo la maana. Kina, duara safi. Nilipoinua kichwa, mlima mzima ulikuwa unanitazama.

Kisha shemeji yangu, mke wa kaka, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Shemeji, unamchimbia nani kaburi?"

Kwanza, jembe la ngoro ni la wanawake. Kazi ya mwanaume ni kufyeka kwa nyengo na kupanga majani. Pili, nilikuwa nimechimba mahali ambapo majani hayajapangwa. Udongo wa ngoro unachimbwa katikati ya mraba na kutupwa juu ya majani. Ukitangulia majani, umechimba shimo tu, udongo hauna pa kwenda. Kila mtoto wa Kimatengo anajua. Nilijua nikiwa na miaka sita. Miaka tisa ya Dar es Salaam ilikuwa imenitoa hicho kichwani.

"Mwacheni," mama akasema. "Huyo ni msomi. Kule mjini shimo linatangulia."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilirudisha jembe, nikachukua nyengo, nikaenda kwa wanaume nikiwa nimenuna. Na kwa sababu nilikuwa nimenuna na sikutaka kuzungumza na mtu, nilitazama.

Wanawake walikuwa wanane na majembe yalikuwa manne. Mengine yalikuwa yameazimwa kwenye ngokela ya upande wa pili. Kwa hiyo walikaa wawiliwawili, jembe moja. Mmoja akichoka, wa pili anapokea. Kwa juu, penye udongo laini, ilikwenda vizuri ajabu. Jembe halikupumzika hata kidogo. Walipofika kwenye sehemu yenye mizizi, mambo yakabadilika. Mwenye jembe anapigana na mzizi, mwenzake amesimama juu ya kichwa chake mkono umenyooka, "Lete, lete." Analichukua kabla mwingine hajamaliza, anaanza upya kutafuta mzizi ule, naye ananyang'anywa. Watu wanane, jasho la wanane, kazi ya watatu.

Na shemeji yangu alikuwa kwenye mstari wa pembeni, kando ya njia. Alikuwa na mtoto mgongoni. Kila mpita njia alimsalimia yeye. Togwa ikiletwa, inapitia kwake. Mtoto akilia, anasimama. Mraba wake ulichelewa, na kwa kuwa mistari ya ngoro inashuka pamoja, wote walimsubiri yeye. Hakuwa mvivu. Alikuwa na kazi tano na wenzake walikuwa na moja.

Mama aliweka mikono kiunoni. "Wanne wakae. Wanne walime. Na wewe," akamwambia shemeji, "kaa hapo njiani na mtoto, pokea wageni, gawa togwa. Jembe mpe mwenzio."

Haikupita muda mstari ukaanza kushuka kama mtu anayeteremsha pazia.

Nilisimama na majani mkononi. Kaka akaniuliza, "Umepatwa na nini?" Nikamwambia, "Nashuka mjini." Akasema, "Chakula hakijaiva." Nikasema, "Kileni." Nilikuwa nimeshafika barabarani wakati bado wananiita.

Watu wengine wenye diploma wangesoma haya kwenye vitabu. Mimi niliyaona mlimani kwetu kwa macho yangu, na sioni aibu kusema hivyo. Kwenye mashine zangu, viini vinne ni majembe manne. Nyuzi nane ni watu wanane wanaopokezana majembe hayo. Kazi nyepesi inakwenda vizuri. Lakini gemu la mpira lina kazi moja kubwa yenye mizizi, ile inayoamua nani yuko wapi na mpira unaelekea wapi, na nyingine zote zinaisubiri hiyo. Mimi nilikuwa nimeiwekea mwenza wa kuinyang'anya jembe. Tena nilikuwa nimeiacha kwenye kiini cha kwanza, kandokando ya njia, ambako mashine hupokea wageni wake wote: ukaguzi wa virusi, sauti, mtandao, saa. Halafu, kwa ujanja wangu, nikapiga marufuku wageni.

Nilifungua mashine ya kwanza nikiwa bado na tope kwenye viatu. Kipaumbele nikakirudisha cha kawaida. Gemu nikaliondoa kwenye kiini cha kwanza. Nikalipa cha pili, cha tatu na cha nne, uzi mmojammoja, wale wenza nikawakalisha. Nikaanza mechi. Nikapeleka mpira ndani ya boksi, nikaurudisha, nikaupeleka tena. Nikapiga kona kumi na mbili mfululizo, wachezaji wote wamejaa langoni, mashabiki wamesimama. Picha ilitiririka kama mafuta.

Sikupiga kelele. Nilitoka nje, nikasimama katikati ya stendi, nikamwita bodaboda kwa kidole.

"Sina hela ya kutazama maiti," akasema.

"Hulipi. Kaa."

Alicheza dakika kumi bila kufungua mdomo, jambo ambalo halijawahi kuonekana Mbinga. Kisha akainama akachungulia chini ya meza.

"Umenunua mashine mpya."

"Zilezile."

"Muongo wewe."

"Tazama mkwaruzo huo pembeni. Si wewe uliyeugonga na funguo zako?"

Akautazama. Akaugusa. "Sasa umeifanya nini?"

"Nimewakalisha watu wanne chini."

"Wapi?"

"Ndani humo."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta njia ya kutokea, kisha akacheza mechi nyingine, na hiyo alilipa.

Haikuwa rahisi yote kama ninavyoisimulia. Kila gemu likifungwa na kufunguliwa upya lilisahau mpango na kurudi kando ya njia, mpaka nikaandika faili dogo la amri kwa kila moja, kwamba ukilifungua tu linakaa mahali pake. Lile gemu la magari lilikataa kabisa mpango wa mpira. Nililipa viini vitatu likakohoa. Kumbe lenyewe kazi zake ni udongo laini, zimegawanyika vizuri, lilitaka wote wanane na majembe yote manne. Lile la vita lilitaka viini vinne, lakini uzi mmoja kila kimoja. Nilijaribu gemu baada ya gemu, asubuhi kabla wateja hawajaja, nikaandika kwenye daftari la shule. Watu wa kwenye mtandao wanabishana kama nyuzi ziwashwe au zizimwe, kila mmoja anaapa. Wote wanakosea. Jibu ni: kwanza tazama shamba lina mizizi au halina.

Kufika mwezi wa tano, jirani wa upande wa pili alikuja mwenyewe, amevaa shati la kanisani, akauliza kama naweza kumtengenezea na zake. Nilimwambia za kwake zimefungwa na waliozitengeneza, hazina mlango wa fundi kuingilia. Aliuliza mara mbili. Nilijibu mara mbili.

Shangazi wa Lundo naye alinipigia simu. "Mwanangu, huku wavuvi wanakaa bure siku za mbalamwezi. Wanacheza karata na kugombana. Lete hizo mashine zako." Usipa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa samaki hawazifuati taa, kwa hiyo vijana wa ziwani wanakuwa na siku kadhaa za mapumziko kila mwezi. Nikateremka na mashine mbili, nikaziweka chumbani kwa shangazi. Siku ya kwanza kwikwi ikarudi! Nilikaribia kulia mbele ya wavuvi. Kisha nikashika kasha la mashine, nikakuta linachoma mkono. Ziwani ni joto, si Mbinga yenye baridi, na prosesa ikipata joto inajipunguzia mwendo ghafla ili isiungue. Nikaishusha mwenyewe kasi ya juu kidogo, kusudi isifike pa kuchoka. Ikaenda polepole zaidi kwa hesabu, lakini kwa macho ikaenda sawasawa, bila kushtuka. Mvuvi mmoja alisema, "Hii inakwenda kama mtumbwi wenye wapiga kasia wanaopatana." Kila mwezi mkubwa nilikuwa Lundo. Kila mwezi mdogo nilikuwa Mbinga. Mashine za ofisi, zile za kuandikia barua.

Kahawa ikaiva. Mwezi wa saba nilianza kununua. Sikununua kahawa ya kuokoteza. Nilichagua iliyomenywa vizuri, ikaoshwa na kuanikwa juu ya vichanja, haikugusa ardhi. Niliwaambia wauzaji, kahawa hii inakwenda kutazamwa na watu wasionipenda.

Nilianzia ziwani. Magunia mawili ya usipa niliyanunua palepale Lundo, kwa jirani wa shangazi, nikayaweka mlangoni kwake. Shangazi alitoka, akachovya mkono ndani ya gunia, akanusa.

"Huyu ni usipa wangu."

"Shangazi, nimenunua kwa jirani."

"Na jirani alinunua kwangu Jumatatu!" Akapiga makofi akicheka. "Umenunua usipa wangu ili unilipe usipa wangu. Haya, ingiza ndani. Deni limekufa."

Nikapita Mpepai, nikashusha mawili kwa mjomba. Mjomba hakufungua hata kamba. Alisema, "Sasa naweza kupumua mbele ya wakwe," akanipa jogoo.

Jumapili nikapanda Matiri na gari la kukodi, magunia manne yamebaki. Nilisubiri misa iishe, nikasubiri chungu kiletwe kwa baba mkubwa, ndipo nikamwambia dereva arudi nyuma mpaka uani. Nilitaka wawepo wote, nao walikuwepo. Gunia la kaka nililibeba mwenyewe mgongoni nikalitua mbele ya miguu yake. Alimeza tonge.

"Zito," nikasema. "Si la vitumbua."

"Nimelisikia," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi alinisogezea nafasi kwenye mkeka.

Magunia matatu ya mwisho niliyatua mbele ya baba mkubwa. Hakushukuru, na sikutegemea. Alifungua moja baada ya jingine. Alichukua punje, akaiuma, akasikiliza inavyopasuka. Akachukua nyingine kutoka chini kabisa, akiingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kisha akaagiza aletewe mizani yake, na kila gunia likatundikwa mbele ya watu, mlio wa kamba ukisikika kwa sababu hakuna aliyekuwa anatafuna.

Mama alikuwa amekuja, amesimama nje ya ukuta wa miti, mahali ambapo wanawake husimama wakiwa na la kusikia. Nilimwona. Baba mkubwa naye alimwona.

Gunia la tatu lilizidi kidogo. Akaingiza kiganja, akachota, akatazama mizani, akachota tena mpaka mshale ukasimama alipotaka.

"Shemeji," akaita kuelekea nje, bila kugeuza kichwa. "Mibuni ni yako."

"Nimesikia," mama akajibu.

Halafu akaninyooshea mimi kile alichochota, kahawa ya kujaza viganja viwili. "Hii si yangu. Mimi nadai changu tu."

Kila mtu pale alijua ningemwachia. Ndivyo inavyofanywa: mkubwa akirudisha ukufi, kile kiganja kilichozidi, mdogo anasema, acha, baba, iwe ya kahawa ya asubuhi. Walikuwa wananisubiri niseme hivyo.

Nilinyoosha mikono yote miwili kwa heshima, nikapokea, nikaimimina kwenye mfuko wa koti. Punje mbili zilianguka kwenye mkeka. Niliinama nikaziokota.